Nanna wa Malta na marahaba isiyo na shikamoo

Nilibisha hodi, mlango ukafunguliwa na bibi kizee aliyejifunga aproni. Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema: "Merħba!"

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Nimelelewa nikijua kwamba mkubwa hasemi marahaba mpaka mdogo aanze shikamoo. Haya zikanishika. Nikajiona nimefika mlangoni mwa watu bila adabu, nikaropoka "Shikamoo, bibi!" kwa Kiswahili kitupu, mbele ya mtu ambaye hajawahi kukisikia. Hakuelewa hata kidogo, ila alicheka na kunipokea begi. Mke wangu, aliyekuwa amesimama ukumbini nyuma yake, alicheka zaidi. Alikuwa na miezi miwili Malta akisomea sheria za bahari katika ile taasisi ya kimataifa iliyo Msida, na siku yake ya kwanza yalimkuta yaleyale. Kwa Kimalta, merħba ni karibu.

Mtaa mzima ulimwita yule bibi Nanna, nasi tukamwita hivyo. Kwao nanna ni bibi, awe mzaa mama au mzaa baba. Bibi yangu wa Lamu naye aliwaita wanawake wa heshima "nana". Sidai kwamba maneno haya yana undugu. Mengine ni sadfa tu. Lakini baada ya wiki tatu nyumbani kwake niliacha kuhesabu sadfa.

Nasema kuhesabu makusudi, maana mambo yalianzia kwenye hesabu. Jumamosi yangu ya kwanza Nanna alitupeleka klabu ya bendi. Karibu kila kijiji cha Malta kina bendi yake ya tarumbeta, na klabu yake ndiyo baraza la wazee. Jioni ile walikuwa wakicheza tombla: una kadi ya namba, mtu mbele anaita, wewe unaziba. Kucheza nilikataa, kwani kamari ni kamari hata ikichezwa na vikongwe kwa senti. Kusikiliza lakini si haramu. Mwita namba akaanza: "Sitta u sittin!" Nikageuza shingo. "Ħamsa u għoxrin!" Nikamgusa mke wangu begani. Akaniambia tulia, bado hujasikia kitu.

Wazee wa Mji wa Kale, wakitaja tarehe za mwezi wa Kiislamu, husema "khamsa wa ishirini": tano kwanza, ishirini baadaye. Wamalta huhesabu hivyohivyo hadi leo. Sita, saba na tisa zetu kwao ni sitta, sebgħa, disgħa. Makumi ndiyo yanayotisha: għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin. Halafu mija, halafu elf. Ile għ usihangaike nayo, mara nyingi haitamkwi. Ħ ni h nzito, x ni sh, na j husomwa kama y yetu. Ukishajua hayo, nusu ya mabango ya barabarani yanaanza kukukonyeza.

Jumapili nilimsindikiza Nanna kanisani, kwa kuwa ngazi za pale zilikuwa zimeanza kumshinda. Mimi Muislamu, nikakaa benchi la mwisho. Nilitarajia Kilatini au Kiitaliano. Padri akafungua kinywa akasema Alla. Akarudia, na tena. Watu wote wale, misalaba shingoni, wakawa wanamwomba Alla. Baadaye wakasali Salamu Maria, nami nikanasa: "Sliem għalik, Marija… il-Mulej miegħek." Sliem ni salamu. Mulej ni Mola.

Usiku ule tulikaa mezani na karatasi, Nanna akitamka, mke wangu akiandika. Kanisa ni knisja. Kasisi ni qassis. Askofu ni isqof. Msalaba ni salib, dhambi ni dnub, roho ni ruħ, kitabu ni ktieb. Kwaresima wanaiita Randan, na usiniulize neno hilo limetoka wapi, mwenyewe umeshalisikia. Krismasi ni Milied, ndugu wa Maulidi. Pasaka ni Għid, yaani Idi. Kwa hiyo Mkatoliki wa Malta hufunga Randan, huadhimisha Milied na husherehekea Għid, na bado ni Mkatoliki wa kutupwa. Jambo la kesho likitajwa, Nanna huongeza "jekk Alla jrid", Mungu akipenda.

Ilifikaje hali hiyo? Malta, pamoja na visiwa vya Gozo na Comino, haizidi kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ni kubwa mara tano. Lakini imekaa katikati ya bahari, kati ya Sicily na pwani ya Afrika, na aliye katikati ya njia hupitiwa na kila mpita njia. Waliojenga mahekalu ya mawe ya Ġgantija, Gozo, walifanya hivyo miaka zaidi ya 3000 kabla ya Kristo. Wafinisia walifika, kisha Warumi. Mtume Paulo alivunjikiwa na jahazi hapo, chomboni wakiwa watu 276 kwa jumla, na Matendo ya Mitume yanasimulia wenyeji walivyowawashia moto kwa ajili ya mvua na baridi. Mwaka 870 wakaja Waarabu kutoka upande wa Tunisia, na hao ndio walioacha lugha. Wanormani walikiteka kisiwa mwaka 1091, na katika karne ya 13 Waislamu wa mwisho walifukuzwa au wakabatizwa. Dini ikaondoka. Ulimi ukabaki. Karne kwa karne wakaupakia maneno ya Sicily na Italia mpaka leo karibu nusu ya msamiati ni wa huko, lakini mifupa ya sentensi bado ni Kiarabu.

Sasa igeuze picha hiyo. Kiswahili mifupa yake ni Kibantu, na maneno ya Kiarabu yakaja juu yake pamoja na tijara na dini. Sisi tulipokea msamiati na imani, sarufi tukabaki na yetu. Wao walishika sarufi, imani wakabadili. Nikiwa pale mezani niliona kama watu wawili wamegawana nguo za marehemu mmoja, huyu kachukua kanzu, yule kachukua kilemba, na kila mmoja anaapa vazi ni la babu yake.

Na kuapa huko kupo kwelikweli. Mwaka 1750 padri mmoja wa Gozo, Agius de Soldanis, alichapisha kitabu akidai Kimalta ni lugha ya Wapuniki, yaani Wafinisia wa Carthage. Dai la asili ya Wafinisia likapendwa kwa vizazi vingi, maana lilimpa Mmalta babu wa kale asiye Mwarabu wala Muislamu. Mwalimu mmoja mstaafu tuliyekutana naye klabu bado alilishikilia, uso umemwiva. Sikumcheka. Natoka pwani ambako kwa muda mrefu ukimuuliza mtu asili yake anakwambia Shirazi, huku bibi yake anazungumza Kidigo jikoni. Watu huchagua babu.

Hata maandishi tumepitia njia moja. Alfabeti ya Kimalta iliwekwa sawa na chama cha waandishi mwaka 1924, na lugha ikatambuliwa rasmi mwaka 1934. Kabla ya hapo wakubwa waliandika Kiitaliano. Kwetu mkutano wa wakoloni wa kuchagua Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, tena Mombasa penyewe, na wakaamua Kiunguja. Wageni wale walikunywa chai yetu wakaiacha Kimvita yetu. Nalisema hili kila nipatapo nafasi na nitaendelea kulisema.

Valletta nilikwenda peke yangu, kwa basi. Mji ule ulianza kujengwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuwazingira mashujaa wa Mtakatifu Yohane, wale watawa wenye panga waliopewa kisiwa na mfalme Charles wa Tano mwaka 1530 kwa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka. Nikatembea hadi ncha ya mji, kwenye ngome ya St Elmo, ile iliyopigwa mizinga takriban mwezi mzima hata ikaanguka tarehe 23 Juni 1565. Kuta zile pana, zilizolala kidogo kwa nyuma, na pembe zilizochongoka kuelekea baharini: nilizijua. Nimecheza mpira chini ya kuta za namna ile. Ramani ya Valletta ilichorwa na Mwitaliano, Francesco Laparelli. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Na aliyewafanya Wareno wajenge Mombasa ni Mturuki vilevile, Mir Ali Bey, aliyekuja pwani yetu mara mbili katika miaka ya 1580. Ngome mbili, adui mmoja. Tofauti ni kwamba mababu zetu walimkaribisha Mturuki kwa furaha. Mwongozaji wa watalii alipokuwa akieleza jinsi "sisi" tulivyookoka, nilijikuta niko upande wa pili wa ukuta.

Kuna jambo mwongozaji huyo alilipita mbio. Merikebu za mashujaa wale ziliendeshwa kwa makasia, na wengi waliofungwa kwenye makasia walikuwa watumwa Waislamu. Valletta ilikuwa na gereza lao na soko lao. Mwaka 1749 walipanga kuasi, siri ikavuja, wakauawa kwa mateso. Napoleon ndiye aliyeufuta utumwa huo alipokiteka kisiwa mwaka 1798. Upande wa pili nao haukuwa na mikono misafi: mwaka 1551 Dragut, amiri wa Waturuki, na wenzake waliikomba Gozo, wakaondoka na watu wapatao 5000. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikafikiria soko la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, na jinsi sisi wenyewe tunavyopita mbio tunapowatembeza wageni.

Tuje jikoni, maana huko ndiko nilikokaa zaidi.

Mkate kwanza. Ħobż ya Malta ni duara, ganda gumu linalolia ukilibonyeza, ndani laini na lenye matundu, na uchachu kidogo wa hamira ya kienyeji inayorithiwa kutoka unga wa jana. Mji wa Qormi umeishi kwa tanuri. Zama za mashujaa ukiitwa Casal Fornaro, kijiji cha waokaji. Asubuhi Nanna huukata mkate, akasugua kila kipande kwa nyanya iliyokatwa mpaka kikawa chekundu, akamimina mafuta ya zeituni, akatia samaki jodari, zeituni, na kapari za chumvi. Hiyo ndiyo ħobż biż-żejt. Siku nyingine hutumia ftira, mkate bapa wa namna ya pete, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Nilikula vyote viwili na nasimama na ftira.

Pastizzi ni sambusa zao: unga wa tabaka nyingi, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa, moto wa kuunguza ulimi. Uliza kwanza ni mafuta gani, halafu ule mbili, ya tatu utaijutia. Imqaret je? Vitafunio vya tende, vinakaangwa mlangoni mwa mji na harufu yake inakufuata hadi kituo cha basi. Tende wanaita tamal. Kinnie, soda yao ya tangu 1952 ya machungwa machungu na majani ya dawa, ni kama shubiri iliyotubu. Mke wangu anaipenda. Ndoa ina mitihani yake. Chungwa, kwa njia, ni larinġ. Wale wanaokumbuka narinji watatabasamu.

Nilifika Oktoba, msimu wa lampuki, samaki yule mwenye paji pana na rangi ya dhahabu ambaye wavuvi wetu humwita felusi. Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi upande wa kusini, nilisimama kwa mvuvi mmoja akanieleza wanavyomnasa. Hukata majani ya mtende, huyafunga juu ya chelezo, na kuyaacha yaelee baharini yakiwa yametiwa nanga ya jiwe. Chelezo hicho huitwa kannizzata. Felusi hupenda kivuli; hukusanyika chini ya majani, na mvuvi huja na wavu akawazungushia. Mtu anamjengea samaki kibanda cha makuti halafu anamvizia mlangoni! Nanna humpika ndani ya mkate wa unga, pamoja na mchicha, koliflawa na zeituni. Mimi ningemtia nazi, na nilimwambia hivyo, akanitazama kama niliyemtukana.

Mashua za Marsaxlokk, luzzu, zimepakwa buluu, manjano na nyekundu, na kila moja ina macho mawili kwenye omo. Majahazi ya Lamu nayo yana macho. Nilimwonyesha yule mvuvi picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza mbao ni za mti gani.

Maziwa yana hadithi yake, nayo inaishia Uganda. Zamani mbuzi walitembezwa hadi milangoni mwa watu Valletta na kukamuliwa hapohapo. Wanajeshi wa Kiingereza wakawa wanaugua homa isiyokwisha, ikaitwa homa ya Malta. Mwaka 1887 daktari wao David Bruce aligundua bakteria wake, lakini njia ya ugonjwa haikujulikana hadi 1905, Mmalta Themistocles Zammit alipopima mbuzi wanaoonekana wazima na kukuta wanao. Jeshi likaacha maziwa ya mbuzi, wagonjwa wakapungua ghafla. Huyo Bruce ndiye aliyekuwa Entebbe mwaka 1903 akionyesha kwamba malale huenezwa na mbung'o. Alipanda cheo na jina lake likapewa kundi zima la bakteria hao. Wamalta bado wanahisi Zammit alipunjwa, nami niko pamoja nao. Leo jibini ndogo za Gozo, ġbejniet, hutengenezwa kwa maziwa salama, na Nanna hunisukumia moja kila nikipita.

Sasa sungura. Fenek ndiye chakula cha taifa, na kumla ni karibu siasa. Mashujaa waliufanya uwindaji kuwa haki yao, na mkuu wao Ximenes alipoubana zaidi huku nafaka ikipanda bei, chuki ilijaa. Mwaka 1775 kundi la mapadri liliasi na kuiteka St Elmo kwa saa chache. Wakashindwa. Sungura wakaendelea kuliwa, na mpaka leo familia hukusanyika kwa fenkata, tambi za mchuzi wake kwanza, nyama baadaye.

Tatizo langu lilikuwa mbili: mchuzi wake hupikwa kwa divai nyekundu, na sikujua nani amechinja. Nilijaribu kujitetea kwamba nimeshiba. Nanna alikuwa na miaka 84 na hakuwa mtu wa kudanganywa na mgeni aliyeshiba. Mke wangu akamfafanulia. Nanna akanyamaza, akavaa koti, akatoka. Saa mbili baadaye alirudi kutoka kwa mkulima wa Mġarr na kikapu kinachotikisika, akaniwekea sungura hai kwenye ua, akanipa kisu.

Nina miaka mingi tangu nichinje kitu kikubwa kuliko kuku. Nikamshika, nikaelekea kibla nilichokisia kwa jua, nikasema "Bismillahi, Allahu Akbar."

Nanna alikuwa mlangoni. "F'isem Alla," akasema, polepole, kama anayerudia somo. Kwa jina la Alla. Hakuna aliyemtafsiria. Akajivuta ishara ya msalaba, akachukua sungura, akaenda kumchuna. Akamkaanga kwa vitunguu saumu vingi na majani ya bay, bila divai, akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba hakitakuwa chakula. Kilikuwa chakula.

Usiku huohuo kaka yake alikuja na gitaa. Wana nyimbo ziitwazo għana, na sisi tuna kughani. Ni mzizi uleule wa Kiarabu. Aina aliyoimba inaitwa spirtu pront: watu wawili wanajibizana kwa mistari ya kubuni papo kwa papo, kwa vina, na anayekosa jibu kashindwa. Mtu wa Mombasa huna haja ya kumwelezea hilo. Tangu enzi za Muyaka, mshairi wetu wa kale, tunatupiana mashairi na watu wa Lamu kuhusu vita vya Shela. Mpinzani hakuwepo, hivyo mzee alijijibu mwenyewe, na mara mbili akajishinda.

Kabla ya kulala Nanna alileta kahawa, nyeusi, na ndani yake nikaonja kitu ninachokijua kabla sijajua jina langu. Nikamwonyesha kichwa kimoja kilichobaki kwenye kikombe. "Qronfol," akasema. Karafuu. Nikamwahidi za kwetu.

Mke wangu aliporudi Malta baada ya likizo alibeba mfuko mzima kutoka soko la viungo la Marikiti. Wakanipigia kwa video, Nanna pua ndani ya mfuko. Mke wangu akaniuliza kwa Kiswahili zilikuwa bei gani, maana bibi anang'ang'ania kulipa.

"Mwambie zawadi. Kwani ni shilingi elfu mbili tu."

Nanna akainua uso kutoka mfukoni, macho yamemtoka. "Elf?" akapiga kelele. "Elf *ewro*?"